Dawa unaweka, bombani haisomi: kutafuta kosa kwenye hesabu za kutibu maji

Hii nawaandikia mafundi na wahudumu wa skimu ndogo za maji, pamoja na nyie wanafunzi wa uhandisi wa mazingira mlioko fildi ambao mmekabidhiwa ndoo ya HTH (unga wa klorini) na kalkuleta mkaambiwa "haya, tibuni maji". Mara nyingi kuzidisha na kugawanya kunakuwa hakuna shida kabisa, ukikagua daftari unakuta namba zimekaa vizuri, ila maji yanakataa. Kosa linajificha sehemu moja tu, mtu kaandika milligramu bila kusema ni milligramu za nini. Za unga, au za klorini iliyomo ndani ya unga? Za naitreti nzima au za naitrojeni peke yake? Na zimeingia kwenye maji kiasi gani, yaliyopo kwenye tenki sa hivi au yale yaliyoandikwa kwenye mchoro? Dalili zote hapa chini, ukizichimba unaishia kwenye swali hilo.

Tuanze na mfano mmoja ambao nitaurudia rudia. Tenki la kyubiki 50, yaani lita 50,000, unataka dozi ya 2 mg kwa lita. 50,000 × 2 = mg 100,000, ambazo ni gramu 100 za klorini. Unga wako ni HTH ya 65%, kwa hiyo 100 ÷ 0.65 = gramu 154 za unga. Shika hiyo 154.

Umeweka kipimo sawa na hesabu, mwisho wa laini kifaa kinasoma sifuri

Anza na daftari kabla hujalaumu maji. Angalia aliyepiga hesabu aligawa kwa 0.65, alisahau, au alizidisha. Akisahau ataweka gramu 100 za unga, klorini halisi inakuwa gramu 65, dozi inashuka hadi 1.3 mg/L. Akizidisha badala ya kugawa ndo balaa zaidi, ataweka gramu 65 za unga, klorini inabaki gramu 42 na dozi inakuwa kama 0.85, yaani hata nusu ya uliyotaka haifiki. Kujikagua ni rahisi: unga siku zote lazima uwe mzito kuliko klorini unayoitaka, ni sawa na kununua mchele wenye mawe, ukitaka kilo moja ya mchele wenyewe lazima upime zaidi ya kilo. Na kama umebadilishiwa dawa, asilimia nayo inabadilika, chokaa ya klorini ya kawaida inacheza 30 hadi 35%, dawa ya maji ya chupa ya kufulia iko kwenye 3.5% hivi, soma lebo, usibebe 0.65 ya mwezi uliopita.

Hesabu ikiwa safi, hamia kwenye unga wenyewe. HTH iliyokaa stoo ya bati, kifuniko hakijabana, joto la mchana na unyevu wa masika, inapoteza nguvu taratibu na kwa macho huoni chochote, bado ni nyeupe na bado inanuka. Lebo inasema 65 kwa sababu iliandikwa kiwandani. Jinsi ya kuijua hali yake ni hivi: pima gramu 15.4 za unga, uzitie kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 10 za maji, koroga, acha itulie. Kama kweli ni 65% basi umeweka gramu 10 za klorini kwenye lita 10, maana yake 1 mg kwa kila mililita. Chukua mililita 1 ya maji yale ya juu yaliyotulia kwa bomba la sindano jipya, itie kwenye lita 1 ya maji ya distili kutoka maabara, kisha pima kwa DPD, ile dawa ya kupimia inayogeuza maji yenye klorini kuwa pinki. Ikisoma 1.0 unga wako mzima. Ikisoma 0.6, nguvu iliyobaki ni 0.6 × 65, yaani 39%, na zile gramu 154 zako zilikuwa zinatoa 1.2 mg/L tu siku zote hizo. Mpaka upate unga mpya, gawa kwa 0.39, utapata gramu 256, na hiyo asilimia iandike kwa makapeni kwenye ndoo pamoja na tarehe ili anayeingia zamu kesho asianze upya.

Unga mzima, hesabu safi, bado sifuri. Hapo sasa maji yenyewe yanakula klorini, na hii sehemu ndo watu wengi wanaipita haraka wakati ndo tamu kuliko zote. Dozi ni unachoweka, klorini baki ni kinachosalia baada ya kila kitu kilichomo kwenye maji kuchukua fungu lake. Na fungu hilo linapigika kwa moli za kidato cha tatu tu. Chukua madini ya chuma: molekuli moja ya klorini, Cl₂, inaoksidisha atomi mbili za chuma. Uzito wa Cl₂ ni 70.9, chuma mbili ni 2 × 55.85 = 111.7, ukigawa unapata 0.635. Kwa hiyo kila 1 mg ya chuma inameza 0.64 mg ya klorini. Manganizi inakwenda moja kwa moja, 70.9 ÷ 54.9 = 1.29. Amonia ndo mlafi, molekuli tatu za klorini kwa kila atomi mbili za naitrojeni, 212.7 ÷ 28 = 7.6 kwa kila 1 mg ya naitrojeni ya amonia, na kiutendaji weka 8 hadi 10. Harufu ya yai bovu, yaani haidrojeni salfaidi, ikioksidishwa mpaka mwisho inameza 8.3.

Sasa chukulia kisima kirefu ripoti yake ina chuma 1.5, manganizi 0.2, naitrojeni ya amonia 0.1, zote mg/L. Chuma itakula 0.96, manganizi 0.26, amonia 0.8. Jumla 2.02. Umeona? Ile dozi yako ya 2 imeisha yote ndani ya tenki kabla haijamgusa hata mdudu mmoja, na daftari linasema maji yametibiwa. Hapa huwa naumia, kwa sababu msimu wa kipindupindu watu wanayanywa yale maji bila kuyachemsha wakiamini kuna dawa. Ukitaka kubakiza 0.5 dozi ni 2.5, sawa na gramu 125 za klorini, unga gramu 192. Na kama chuma ni nyingi hivyo utaona maji yanageuka rangi ya kutu baada ya kuweka klorini, nguo nyeupe zinaharibika, kwa hiyo suluhisho la kudumu ni kuyarusha maji hewani na kuyachuja kwanza, klorini ije mwisho.

Huna ripoti ya maabara? Fanya kwa ndoo. Tengeneza maji ya klorini ya 1%, ambayo ni 10 mg kwa kila mililita. Panga ndoo nne za plastiki za lita 20, jaza maji yale yale ya chanzo. Mililita 1 kwenye lita 20 ni 0.5 mg/L, basi tia mililita 2, 4, 6 na 8, umepata dozi za 1, 2, 3 na 4. Koroga, funika, subiri dakika 30, pima klorini baki kila ndoo. Ndoo inayosoma karibu na 0.5 ndo dozi yako. Rudia masika yakianza na kiangazi kikikolea, maji ya mto au chemchemi hayabaki yale yale mwaka mzima.

Wananchi wanalalamika maji yananuka klorini, we ukipima klorini huru unapata 0.1

Wote mko sahihi. Hapa mtu wa kawaida anapunguza dozi na anazidi kuharibu. Kuna amonia kwenye maji, labda choo kiko karibu na kisima au mbolea imeingia, klorini imeungana nayo ikawa kloramini, na hizo ndo zenye ile harufu kali inayochoma pua. Pima mara mbili, klorini huru (isiyofungwa na kitu) kwanza halafu klorini jumla. Jumla ikiwa 1.2 na huru 0.1, basi 1.1 yote imefungwa na amonia. Kwenye kipimo cha ndoo utaona kitu cha ajabu: unaongeza dozi, klorini baki inapanda, unaongeza tena inashuka, ukizidi kuongeza inapanda tena. Lile shimo katikati ndo brekipointi, na dozi yako lazima ivuke hapo. Amonia ya 0.3 peke yake inataka 2.4 hadi 3 mg/L kabla hujaanza kubakiza kitu. Ila ukigundua amonia kubwa kwenye kisima, usiishie kuongeza dawa, zunguka uone inatokea wapi.

Kuna dalili nyingine inafanana na hii na inadanganya vibaya sana. Unadondosha kidonge cha DPD, rangi ya pinki inatokea sekunde moja halafu inapotea, maji meupe, unaandika sifuri. Hiyo sio sifuri, klorini imezidi mno mpaka imeichapa rangi yenyewe. Chukua mililita 1 ya sampuli, changanya na mililita 9 za maji ya distili, pima upya, kisha zidisha kwa 10. Ukifanya haraka kuongeza dawa hapo utawanywesha watu kitu cha hatari, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 5 mg/L.

Imezidi kweli

Mara nyingi tatizo ni ujazo. Tenki linaitwa "la 50" lakini wewe umetia dawa saa kumi na mbili asubuhi watu wameshachota usiku kucha. Tenki la duara lenye kipenyo cha ndani cha mita 5, maji yamesimama mita 1.6: eneo la chini ni 3.14 × 2.5 × 2.5 = mita za mraba 19.6, mara 1.6, unapata kyubiki 31.4. Zile gramu 100 za klorini kwenye kyubiki 31.4 ni 3.2 mg/L, sio 2. Tumbukiza ufito wenye alama kila unapotia dawa, na kipenyo pima cha ndani, ukuta wa zege una unene wake.

Sababu ya pili ni ya wasomi. Mtu anakokotoa uzito wa kalsiamu haipokloraiti, Ca(OCl)₂, ni 143, klorini ndani yake 70.9, anapata 49.6%, kisha anasema "ile 65 ya lebo ni usafi, kwa hiyo klorini ni 0.65 × 0.496 = 32%". Anaweka gramu 310, dozi inagonga 4. Ile 65% ya lebo tayari ni klorini inayofanya kazi, imeshapigiwa hesabu kwa kulinganisha na gesi ya klorini. Cl₂ ikiingia kwenye maji, atomi moja tu inakuwa HOCl ya kuua vijidudu, nyingine inakuwa kloraidi, chumvi tu. Kwenye Ca(OCl)₂ atomi zote mbili ziko kazini, ndo maana kila OCl moja inahesabiwa kama Cl₂ nzima, 2 × 70.9 ÷ 143 = 99%. Usiiguse tena hiyo 65, gawa endelea na safari.

Klorini baki iko 0.5, maabara bado wanaona E. koli, bakteria wa kinyesi

Angalia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Klorini kwenye maji inagawanyika kuwa HOCl, yenye nguvu, na OCl⁻ ambayo ni goigoi, na mpaka wao uko kwenye pH ya 7.5 hivi. Kwenye 6.5 asilimia 91 ni HOCl. Kwenye 7.5 nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 imebaki 9 tu, na DPD inakuhesabia zote mbili bila kuzitenganisha. Ule mwongozo wa 0.5 wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi: baada ya dakika 30 angalau, na pH chini ya 8. Maji ya pH 8.5 yanataka muda mrefu zaidi au klorini baki kubwa zaidi. Pia ujiulize nyumba ya kwanza kwenye laini inapata maji baada ya dakika ngapi tangu dawa iingie, kama ni dakika 5 basi hao wanakunywa maji ambayo hayajaiva. Tope nalo, ukungu wa maji ukizidi NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu huo) vijidudu vinajibanza kwenye chembechembe, chuja kwanza.

Pampu ya dozi inafanya kazi ila namba hazifiki

Fupi: kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa, dozi 2, ni gramu 10 za klorini kwa saa, sawa na lita 1 ya maji ya 1% kila saa. Watu wanatengeneza hiyo 1% kwa kutia kilo 1 ya HTH kwenye lita 100. Hiyo ni 0.65%. Ya kweli inataka kilo 1.54. Tia unga kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, acha masimbi meupe yatulie, pampu inyonye maji ya juu tu. Na usiiweke HTH karibu na mafuta, sabuni wala asidi yoyote.

Shabu inaongezwa kila siku na maji hayatulii

Hii ni ya wanaotibu maji ya mto kwa shabu, ile dawa inayokusanya tope kuwa mabonge ili litulie chini. Masika mto umekuwa kahawia, fundi ameongeza shabu kutoka 30 hadi 60 mg/L, mabonge hayashikani na bomba linatoa maji yenye ukungu. Anaongeza tena. Simama hapo upime alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) na pH.

Shabu inapoyeyuka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula alkaliniti ya maji. Molekuli moja ya shabu yenye maji 14 ina uzito wa 594 na inahitaji alkaliniti ya 300 ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, kwa hiyo 1 mg ya shabu inakula 0.5. Kiangazi mto unakuwa na alkaliniti ya 80 hivi, shabu ya 30 inakula 15 hutambui chochote. Masika mvua imechanganya, alkaliniti imeshuka hadi 20, shabu ya 60 inataka 30. Imepungua 10, pH inaanguka, alumini badala ya kuwa mabonge inabaki imeyeyuka na kwenda mpaka kwa mteja. Kadiri unavyoongeza shabu ndivyo unavyojichimbia.

Dawa yake ni chokaa. Unataka ibaki alkaliniti ya 30 mwishoni, umepungukiwa 10, basi ongeza 40. Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, uzito wake 74 dhidi ya 100, 40 × 0.74 = 29.6 mg/L. Chokaa ya dukani haijawa safi, ya 80% itataka 37. Kwa kyubiki 200 kwa siku hiyo ni kilo 7.4. Usichukue magadi ya sokoni kama mbadala, hasa yale ya ukanda wa kaskazini, mengine yana floraidi nyingi na utakuwa umetatua tope ukaleta meno ya kahawia. Na jaribu kwenye mitungi midogo kwanza, mtungi wenye chokaa na usio na chokaa, utaona tofauti ndani ya dakika 20.

Ripoti ya maabara haieleweki

Naitreti 12, imezidi au haijazidi? Inategemea 12 ya nini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50 ikihesabiwa kama naitreti nzima, NO₃ ambayo ina uzito wa 62. Maabara ikiripoti kama naitrojeni, yenye uzito wa 14, zidisha kwa 62 ÷ 14 = 4.43, hiyo 12 inakuwa 53, imezidi na watoto wachanga wasipewe. Ikiwa ni 12 ya NO₃, kunywa.

Floraidi kule kata ya Maji ya Chai na maeneo mengine ya Arumeru, mkoani Arusha, kuna mama anaambiwa achemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haipandi na mvuke. Sufuria ya lita 5 yenye 3 mg/L ina mg 15, ikibaki lita 4 zile mg 15 bado zipo, sasa ni 3.75. Kiwango ni 1.5. Hapo unahitaji mkaa wa mifupa au chanzo kingine, klorini nayo haisaidii kitu.

Na ukitilia shaka ripoti nzima, pima mizani ya chaji, yaani chaji chanya na chaji hasi kwenye maji lazima zilingane. Gawa mg/L za kila ioni kwa uzito wake wa chaji moja, yaani uzito wa ioni uliogawanywa kwa idadi ya chaji zake. Chukulia kalsiamu 40 ÷ 20 = 2.0, magnesi 12.2 ÷ 12.2 = 1.0, sodiamu 46 ÷ 23 = 2.0, potasiamu 3.9 ÷ 39 = 0.1, jumla 5.1. Upande wa pili kloraidi 35.5 ÷ 35.5 = 1.0, salfeti 48 ÷ 48 = 1.0, na alkaliniti imeandikwa 150. Ukiigawa kwa 61 ukidhani ni baikaboneti utapata 2.46, jumla 4.46, pande hazilingani, tofauti karibu 7% ya jumla yote. Lakini kama hiyo 150 iliandikwa kwa msingi wa kalsiamu kaboneti unagawa kwa 50, inakuwa 3.0, jumla 5.0, tofauti 1% tu na ripoti imesimama. Zaidi ya 5% piga simu maabara uulize kila namba imeripotiwa kama nini, na kama wakikwambia zote ziko sawa, rudisha sampuli nyingine kwenye chupa safi.